Mtoro wa Merikebuni na Mtoro wa Safarini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Halmashauri ya chama ilituomba tuseme machache juu ya sheria, kwa sharti kwamba maneno yetu yawe na faida kwa makarani wala yasiwe ya kuwalaza watu usingizi. Tumechagua neno moja tu, nalo ni mtoro. Ye yote aliyepata kupekua daftari za zamani za Boma amekutana nalo: mtoro wa bwana wake, mtoro wa merikebu, mtoro wa safari, mtoro wa shamba la mkonge. Neno ni lile lile, bali watu walioitwa kwa neno hilo hawakuwa na hali moja, wala sheria haikuwatendea namna moja.

Jambo tunalotaka kulipima ni hili. Mtu ameweka mapatano ya kazi, ametia jina lake au alama ya kidole, pengine amekwisha kupokea sehemu ya ujira. Kisha akaondoka kabla ya siku zake kutimia. Je, huyo ni mdaiwa au ni mhalifu? Mdaiwa huitwa mbele ya hakimu, akaambiwa alipe alichokula. Mhalifu hufuatwa na askari, hufungwa, na hurudishwa kazini apende asipende. Kwa karani aandikaye hati ya kukamata, tofauti hiyo ni mstari mmoja wa wino, na kwa sababu hiyo twaona yafaa karani aijue asili yake.

Tutaanza mbali, katika nchi ya Marekani, kisha tutarudi katika njia ya misafara ipitayo hapa kwetu. Mtu asiulize Marekani na Tabora zapatana wapi. Nguo iliyolipa wapagazi wa Unyamwezi ilikuwa merikani, na jina lake lasema ilikotoka. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Wamarekani kwa mkono wa Edmund Roberts, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, akaanza kazi Unguja. Huyo balozi tutamrudia.

Wamarekani walipojipatia Serikali yao wenyewe walikuwa watu wa merikebu, na kila mwenye merikebu alikuwa na shida moja: mabaharia hukimbia. Baharia huandikwa bandari hii, hupewa mshahara wa mbele, na bandari ya pili haonekani. Basi katika mwaka 1790, Serikali ikiwa bado changa, Kongresi ilitunga sheria ya mabaharia wa merikebu za biashara. Iliagiza kwamba kila nahodha afanye mapatano ya maandishi na mabaharia wake kabla ya kung'oa nanga. Nahodha asiyefanya hivyo alilazimika kumlipa baharia mshahara wa juu kuliko yote iliyolipwa bandarini pale katika miezi mitatu iliyopita. Baharia aliyetoka bila ruhusa, akaandikwa siku ile ile katika daftari ya safari, na akakaa nje zaidi ya saa 48, alipoteza mshahara wake wote na vitu vyake vyote vilivyomo merikebuni. Aliyemficha mtoro alitozwa dola 10 kwa kila siku aliyomficha. Tena hakimu wa mji aliweza kumtia mtoro gerezani mpaka merikebu iwe tayari, ndipo akabidhiwe nahodha, na gharama ya gereza ikatwe katika mshahara wake.

Mpaka hapo mtu aweza kusema sheria ilikuwa ya nahodha peke yake. Lakini sheria ile ile ilimfunga nahodha pia. Merikebu ya kuvuka bahari kuu ilipasa kuchukua, kwa kila mtu aliyemo, maji galani 60, nyama ya chumvi ratli 100, na mkate mkavu wa merikebuni ratli 100. Na kama mabaharia walipunguziwa chakula, kila siku ya upungufu walipata mshahara wa siku moja zaidi. Sanduku la dawa nalo lilikuwa lazima katika merikebu kubwa. Twaomba ndugu zetu wazishike hesabu hizo vizuri, kwa maana tutakapofika katika habari za wapagazi tutauliza nani aliandikiwa ratli zake za chakula.

Hiyo ilikuwa sheria ya merikebu zao wenyewe. Je, baharia wa merikebu ya kigeni aliyekimbilia New York au Philadelphia? Hapo Wamarekani walishika kanuni nyingine: bila mkataba na nchi ya merikebu hiyo, hakimu hana nguvu ya kumkamata mgeni kwa kosa la kuacha kazi. Kutoroka kwake si uvunjaji wa sheria ya Marekani. Ni jambo baina yake na nahodha wake. Atakaye kumrudisha na alete mkataba.

Taifa la kwanza kuleta mkataba lilikuwa Ufaransa. Katika mwaka 1788 mataifa hayo mawili yalipatana juu ya mabalozi, na sharti la 9 liliwapa mabalozi haki ya kudai watoro wa merikebu za taifa lao. Balozi alipasa kuandika maombi kwa hakimu na kuonyesha daftari ya merikebu au orodha ya mabaharia, ili ithibitike kwamba mtu yule alikuwa mmoja wao. Akithibitika, alikamatwa na kuwekwa gerezani kwa gharama ya balozi. Ila kama hakusafirishwa katika muda wa miezi mitatu, alifunguliwa, wala hakukamatwa tena kwa neno lile lile. Katika mwezi wa Aprili 1792 Kongresi ilitunga sheria ya kutimiza sharti hilo.

Sasa, makarani wenzetu, tegeni masikio, maana kisa kifuatacho ni chetu. Kapiteni Barré aliiacha manowari ya Kifaransa iliyoitwa Perdrix akabaki Marekani. Ufaransa wakati ule ilikuwa katika mapinduzi. Makamu wa balozi wa Ufaransa akaenda kwa hakimu wa New York, John Lawrence, akadai Kapiteni akamatwe. Hakimu akamwambia, Nionyeshe orodha ya merikebu. Makamu akatoa nakala, imethibitishwa na kupigwa muhuri. Hakimu akasema mkataba wataka orodha yenyewe, haukutaja nakala. Akakataa kutoa hati ya kukamata. Wafaransa walikasirika, na Serikali ya Marekani, ikitaka kuwaridhisha rafiki zake, ilipeleka jambo hilo mbele ya Mahkama Kuu katika mwaka 1795, ikiomba hakimu aamrishwe. Mahkama Kuu ikajibu kwamba hakimu ametumia akili yake katika kazi ya hukumu, na Mahkama haina nguvu ya kumlazimisha hakimu ahukumu kinyume cha aonavyo mwenyewe. Kapiteni Barré akabaki huru, kwa sababu ya tofauti iliyopo baina ya karatasi yenyewe na nakala yake.

Wako watakaocheka, wakisema hiyo ni ukaidi wa kikarani. Sisi hatucheki. Kila mmoja wetu amepata kuambiwa, “Andika tu, karatasi yenyewe itakuja baadaye.” Hakimu yule hakumpenda wala hakumchukia Kapiteni, aliona tu kwamba mkono wa Serikali usimguse mtu kwa neno la mgeni mpaka ushahidi uliotajwa uwe juu ya meza.

Pamoja na hayo tusiwasifu Wamarekani kupita kiasi, maana katika miaka ile ile walikuwa na mtoro wa namna nyingine. Sheria yao ya mwaka 1793 ilimhusu mtumwa aliyekimbia kutoka jimbo moja kwenda jingine. Mwenyewe au wakala wake alimkamata, akampeleka mbele ya hakimu, na ushahidi wa mdomo au wa kiapo kilichoandikwa ulitosha kama hakimu aliridhika. Hakuna orodha ya merikebu, hakuna mapatano yaliyotiwa sahihi, hakuna miezi mitatu kisha kufunguliwa. Kapiteni wa Kifaransa alilindwa na nakala isiyotosha. Mtu mweusi aliyezaliwa Virginia alirudishwa kwa neno la mtu mmoja. Sheria ya mwaka 1850 ilizidi ukali.

Na Waingereza je? Wao hawakuwa na mkataba wa namna hiyo na Marekani, na mabaharia wao walikimbilia merikebu za Kimarekani kwa wingi kwa kuwa mshahara ulikuwa mwema zaidi. Kwa kuwa mahakimu hawakuweza kuwarudisha, manowari za Kiingereza ziliwatafuta zenyewe baharini. Tarehe 22 Juni 1807, karibu na pwani ya Virginia, manowari Leopard iliisimamisha Chesapeake, manowari ya Serikali ya Marekani, ikataka watoro. Kapiteni alipokataa, Leopard ilipiga mizinga. Watu watatu walikufa pale pale, na wanne walitwaliwa wakaitwa watoro. Mmoja wao, Jenkin Ratford, alinyongwa Halifax. Miaka mitano baadaye mataifa hayo yalipigana vita, na kukamata mabaharia baharini kulikuwa sababu mojawapo. Basi utoro si jambo dogo. Umepata kuwasha baruti baina ya falme.

Baadaye mikataba ikawa mingi, na tarehe 2 Machi 1829 Kongresi ilitunga sheria moja kwa mataifa yote yaliyokuwa na mkataba wa namna hiyo: balozi aombe kwa maandishi, aonyeshe daftari au orodha, hakimu achunguze, kisha mtoro akabidhiwe. Hali hiyo ilidumu muda mrefu. Hata baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, walipokwisha kukomesha utumwa na kuandika katika Katiba kwamba pasiwe na utumikishaji wa nguvu, baharia hakupona. Mabaharia wanne waliandikwa San Francisco katika merikebu Arago, wakaiacha Astoria, wakakamatwa, wakarudishwa merikebuni kwa nguvu, nao wakakataa kufanya kazi. Katika mwaka 1897 Mahkama Kuu iliamua kwamba maneno ya Katiba hayawahusu mabaharia, kwa kuwa tangu zamani za kale kazi ya bahari ina desturi zake. Jaji mmoja, Harlan, alipinga. Aliona kwamba mtu anayeshikwa na askari akatiwa merikebuni amtumikie mtu mwingine kwa faida yake, huyo yu katika utumwa, iwe alitia sahihi au hakutia. Ilipofika tarehe 4 Machi 1915 Kongresi ilikomesha kifungo kwa baharia aachaye kazi bandarini, ikaagiza pia kwamba masharti ya mikataba ya kuwarudisha watoro wa kigeni yaondolewe.

Turudi sasa kwetu. Tulisema tutamrudia balozi wa Marekani aliyekaa Unguja. Mkataba wa mwaka 1833 ulimpa yeye peke yake hukumu ya magomvi ya Wamarekani wao kwa wao. Wakati ule merikebu zao za kuwinda nyangumi zilikuwa zikitia nanga Unguja kutafuta maji na chakula, na mabaharia wake walikuwa wamechoka kwa mapigo na chakula kibovu. Mmoja wao, J. Ross Browne, aliiacha merikebu yake Unguja katika miaka ya 1840, si kwa kuruka usiku, bali kwa kibali kilichopatikana kwa msaada wa balozi. Akarudi kwao akaandika kitabu, kilichotoka mwaka 1846, juu ya mateso ya mabaharia wa nyangumi. Watu wa Pwani, basi, walizoea kumwona mzungu mtoro kabla Bara haijamwona mzungu msafiri.

Pwani hiyo hiyo ilikuwa na watoro wake, waliokimbia mashamba ya minazi na mtama. Wengi walikimbilia Rabai, karibu na Mombasa, penye misheni, na mabwana wakaja kuwadai. Kazi ya kuwarudisha wote haikuwezekana, na kazi ya kuwakatalia mabwana ilikaribia kuleta vita. Mwisho George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alilipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Hapo twaona njia ya tatu: mtoro hakurudishwa, wala bwana wake hakuachwa mikono mitupu. Ila twakumbuka kwamba aliyelipwa ni yule aliyekula jasho, na mwenye jasho hakulipwa.

Kutoka Bagamoyo kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, mzigo ulikuwa juu ya bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratli 70 au pungufu kidogo, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kijana wa Kinyamwezi aliona safari ya Pwani kuwa ndiyo shule ya uanaume. Aliyekaa nyumbani hakupata mke kwa urahisi. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, na masharti ya kazi yalijulikana na wote ingawa hayakuandikwa: ujira wa nguo, sehemu kwanza na sehemu mwisho, posho ya kila siku, na mwendo ambao kirangozi ndiye aliyeukata, si bwana wa mali. Bwana aliyevunja masharti hayo aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala na wachukuzi hawapo.

Burton na Speke, waliofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, walionja hayo. Burton aliwalaumu karibu watu wote wa safari yake, wakubwa kwa wadogo, kwamba kila mmoja alitoroka au alijaribu kutoroka. Burton hakuwa mtu wa kusifu Waafrika, na kwa hiyo sifa yake moja twaipokea kwa mikono miwili: alishuhudia kwamba Mnyamwezi akitoroka aliona ni aibu kuiba mzigo, aliuweka chini akaenda zake. Ndugu zetu, sheria nzima imo katika tendo hilo. Mpagazi yule ametofautisha yeye mwenyewe, bila mwanasheria, baina ya kuacha kazi na kuiba mali. Mzigo ni wako, huo hapo. Miguu ni yangu, naondoka nayo. Kilichobaki ni hesabu ya nguo aliyopokea mbele, nayo ni deni. Kongresi ya Marekani ilichukua miaka 125, tangu 1790 mpaka 1915, kufika mahali alipokuwa amekwisha kusimama mpagazi huyo kando ya njia.

Lakini hatutaki kuwapaka wapagazi mafuta. Walikuwako watoro waliosababisha hasara kubwa. Katika mwaka 1866 watu wa Johanna, yaani Nzwani, waliokuwa na Dr. Livingstone chini ya mkubwa wao Musa, walimwacha karibu na Ziwa Nyasa kwa hofu ya Mafiti. Wakafika Unguja mwezi wa Desemba, na kwa kuwa mtoro hulipwa kidogo na mwombolezaji hulipwa zaidi, walisema bwana wao ameuawa. Habari hiyo ilifika mpaka Uingereza, hata mwaka 1867 ikatumwa safari nzima ya Edward Young, ikaonekana kwamba ni uongo. Hapo utoro umevuka mpaka wake ukawa udanganyifu, na hatuna la kuwatetea.

Kisha akaja Stanley, aliyefika hapa mwaka 1871, wakati Mirambo ameifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga Mirambo, naye akawapiga wao; wapagazi waliona jambo hilo kwa macho yao, na waliotoroka walikuwa na sababu ambayo hata askari wa kulipwa angeielewa. Stanley aliondoka Kwihara tarehe 20 Septemba 1871 kwa njia ya kusini. Ili kuzuia watoro alitumia viboko na mnyororo, mnyororo ule ule wa watumwa, ambao kama alivyoandika mwenyewe hakuwa amedhani kwamba siku moja angeutumia. Watu waliomfuata walikuwa waungwana walioandikwa kwa mshahara wa reale kila mwezi. Basi mtu huru, kwa kuacha kazi, alitiwa shingoni chuma cha mtumwa, na hapakuwa na hakimu wa kuuliza orodha iko wapi.

Katika safari yake ya pili, mwaka 1874, Stanley aliandika watu Unguja, akawapa mshahara wa mbele wa miezi minne, reale 20 kwa mtu, na mapatano yalithibitishwa nyumbani kwa balozi wa Marekani. Twaliona jambo hilo kuwa la ajabu kidogo. Ofisi ile ile iliyoandikisha mabaharia wa Salem sasa yawaandikisha watu wa kwenda Bara, kana kwamba safari ni merikebu na Stanley ni nahodha. Naye aliahidi kuwatendea kwa upole na kuwatibu wagonjwa. Ila baharia akifika bandari ya pili hupata balozi mwingine wa kumshtakia nahodha. Mpagazi akifika Usukuma au Manyema ampate nani?

Miongoni mwa waliotoroka safari hiyo alikuwamo Kalulu. Huyu ni kijana wa kwetu kwa njia fulani, maana ni hapa Tabora mwaka 1871 alipopewa Stanley kama zawadi, akiwa mtoto mtumwa mikononi mwa Mwarabu. Alipelekwa Uingereza na Marekani, akavaa suti, akajifunza Kiingereza. Hata hivyo mwaka 1876, safari ilipokuwa ikielekea Manyema, Kalulu alikimbia. Alikamatwa akarudishwa, na tarehe 28 Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto wa Kongo, akafa humo pamoja na wenzake. Tumefikiri sana juu ya kijana huyo. Hakuwa amekosa chakula wala heshima. Mapatano yake aliyatia sahihi lini? Hakuyatia kamwe. Aliyetolewa zawadi, je, aweza kuwa mtoro?

Kinyume chake tuwataje wale ambao hawakutoroka, na hao nao walipitia hapa. Stanley alimpelekea Dr. Livingstone watu 57 kutoka Pwani. Walimkuta Kwihara, wakaondoka naye tarehe 25 Agosti 1872. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, mapatano yalikuwa yamekwisha kwa sheria ye yote ya dunia. Mwajiri amekufa, hakuna mnyororo, hakuna hakimu. Susi na Chuma na wenzao wakaukausha mwili, na Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya misheni ya Nasik kule Bara Hindi, akasoma sala, akachonga jina juu ya mti, na kuandika orodha ya vitu vya marehemu. Karani, mabwana! Mwezi wa Oktoba walifika hapa Unyanyembe wakamkuta Cameron, naye akawashauri wamzike papa hapa, kwa maana njia ya mbele ni mbaya. Wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Wenye kusema kwamba bila kifungo Mwafrika hatimizi kazi, tunawaomba waieleze safari hiyo.

Serikali zilipokuja Bara, mambo ya mnyororo yaliandikwa vitabuni. Amri ya Chansela wa Kijerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 iliruhusu mtumishi au kibarua aliyekuwa mvivu au mkaidi apewe adhabu na ofisa kwa ombi la bwana wake: viboko, na kufungwa minyororo mpaka siku 14. Waingereza nao katika mwaka 1923 walitunga sheria ya mabwana na watumishi, na ndani yake kuacha kazi kabla ya muda kulikuwa kosa la jinai, lenye faini au kifungo. Katika Kenya ilizidi, kwani tangu mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika alichukua kipande katika kijaluba cha bati, na kipande kilipendwa na wenye mashamba hasa kwa kuwa kilimfuata mtoro popote aendapo. Hiyo ndiyo orodha ya merikebu ambayo Hakimu Lawrence aliitaka, ila hapa haikukaa mezani kwa balozi. Ilining'inia shingoni mwa baharia mwenyewe.

Katika sheria za namna hiyo bwana aliyevunja mapatano alidaiwa fedha, na pengine alitozwa faini, lakini hatujasikia askari aliyetumwa kumkamata mwenye shamba na kumrudisha akamalize miezi aliyoahidi kuwaajiri watu. Shirika la Kazi la Mataifa lilianza kuzipinga adhabu hizo kwa mkataba wa mwaka 1939, na kwa mkataba mwingine wa mwaka 1955 likataka ziondolewe upesi.

Wapagazi wenyewe hawakungoja mikataba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na mizigo iliyokuwa ikibebwa kwa miezi mitatu ikafika kwa siku chache. Miembe ya njia ya zamani ingali imesimama, na waliokaa chini yake wakihesabu doti zao hawapo. Ni neno lao lililobaki, na limeshuka cheo: siku hizi mtu akisema utoro, twafikiri kwanza mtoto aliyekwenda kuogelea saa za hesabu, na mwalimu wake akiwa na daftari ya mahudhurio mkononi, karatasi yenyewe, si nakala.

Tupo tayari kujibu maswali.